Kivutio Namba Saba

Katika nchi moja ambayo sitaitaja jina, maana yenyewe inajitaja vya kutosha redioni, kulikuwa na amani, umoja, na Wizara ya Mandhari, Upeo wa Macho na Mambo Yanayopendeza. Wizara hiyo ilikuwa na jengo la ghorofa kumi na mbili katika mji mkuu. Madirisha yake yote yalitazamana na ukuta wa Wizara ya Saruji, kwa hiyo watumishi wake walifanya kazi kwa utulivu, bila kusumbuliwa na mandhari yoyote.

Mandhari yenyewe ilikuwa mbali, huko kaskazini, kwenye ufuko wa Ziwa Kyoma. Huko kulikuwa na vivutio sita, kila kimoja na namba yake na kibao chake: Maporomoko ya Mbeho, Msitu wa Kanyabwe wenye nyani wadokozi, Ghuba ya Viboko, Kisiwa cha Minandi, Mapango ya Popo, na Jiwe Linaloegemea, ambalo lilikuwa likiegemea tangu enzi za mababu na serikali ilikuwa imeunda kikosi kazi cha kulinyoosha.

Basi siku moja Kiongozi Mpendwa, akilihutubia taifa, alisema kwamba kaskazini tuna vivutio saba. Katika nchi nyingine watu wangesema ulimi umeteleza. Kwetu ulimi wa Kiongozi hautelezi, kinachoteleza ni idadi ya vivutio. Wiki hiyohiyo ikaundwa Kamati ya Kitaifa ya Kutafuta Kivutio cha Saba, yenye wajumbe ishirini na wanane, ikapanda magari tisa na kushika njia ya kaskazini, ikiongozwa na Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Shangwe Mapambio.

Aliyepewa kazi ya kuwapokea alikuwa Byabato, mwongoza wageni. Byabato alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne, mwembamba, sare yake ya kaki imepigwa pasi ya mkaa mpaka ikasimama yenyewe. Alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja tu: aliipenda serikali. Kitabu cha Kanuni za Hifadhi alikuwa nacho mfukoni mwa shati, upande wa moyo, na angeweza kukusomea Kanuni ya 22 juu ya mbegu za matunda yaliyoliwa na nyani kama wengine wasomavyo Zaburi.

Aliitembeza Kamati siku tatu, na kila kitu kizuri walichokiona kilikuwa tayari na namba. Siku ya nne, Waziri akiwa amenuna na viatu vimemchubua, Byabato aliona aibu. Wageni wa heshima wanaondoka kwetu wamenuna! Akawakaribisha nyumbani kwake wakale ndizi na samaki.

Sasa, watu wa Kyoma wana desturi yao. Mgeni wa heshima hapewi kiti kwanza. Hupelekwa walikolala wazee wa nyumba ile, akatajwa jina lake mbele yao, yakamwagwa matone ya pombe ya ndizi kwenye shina la msale uliopandwa juu ya kaburi, ndipo anaporudi uani akala. Mgeni ambaye hakutajwa kwa wazee ni mpita njia tu, hata akikaa mwaka. Byabato naye, kwa adabu aliyofunzwa na mama yake, aliipandisha Kamati nzima hadi Kilima cha Rushaka, nyuma ya nyumba, walikozikwa babu zake na baba yake, Mzee Bamanya.

“Baba,” alisema Byabato mbele ya msale, “huyu ni Mheshimiwa Waziri. Amekuja kututembelea.”

Mheshimiwa hakuwa akisikiliza. Alikuwa ametazama mbele. Kutoka Rushaka ziwa lote linaonekana, na visiwa vyake, na mvua ikiwa inanyesha upande mmoja huku jua likiwaka upande wa pili. Makaburi hakuyaona, kwa kuwa yalikuwa miguuni pake, na Mheshimiwa hakuwa na mazoea ya kutazama huko.

“Nani,” aliuliza kwa ukali, “alikuwa akilificha taifa kilima hiki?”

Wajumbe ishirini na wanane waliandika swali hilo. Kabla ndizi hazijapoa uani, Rushaka ilikuwa Kivutio Namba Saba.

Mama yake Byabato, Bibi Kokugonza, alikuwa jikoni akiondoa sufuria mekoni alipoletewa habari. Aliiweka sufuria chini.

“Nieleze vizuri, mwanangu,” alisema. “Umempeleka mgeni akawasalimu wazee, naye mgeni akawafukuza wazee?”

“Hawajafukuzwa, mama. Wamehifadhiwa.”

“Haya,” alisema Bibi Kokugonza. “Wape samaki wao wale waende.”

*

Ikatokea shida ndogo. Kwa mujibu wa sheria, kivutio cha asili lazima kiwe hakijaguswa na binadamu, na makaburi ni kazi ya mikono ya binadamu. Wataalamu walikaa wiki mbili hotelini wakilitafakari jambo hilo, mwishowe wakaona ni rahisi zaidi kubadili ukweli kuliko kubadili fomu. Mawe ya makaburi yakaondolewa. Misale ikaachwa, kwa sababu msale ni mmea, na mmea hauna siasa. Likawekwa benchi moja la saruji kwa ajili ya wageni kupumzika, na Wizara ikatuma Maelezo Rasmi ambayo kila mwongoza wageni alipaswa kuyasema pale juu, neno kwa neno, asipunguze wala asiongeze:

“Mahali hapa hapajapata kuishi mtu, wala kufa mtu, wala kuzikwa mtu, tangu kuumbwa kwa dunia.”

Nani wa kuyasema kama si Byabato? Aliyasema miaka minne. Mara ya kwanza sauti ilimkauka, mgeni mmoja akampa maji. Baadaye alizoea, maana mkono usioweza kuukata, ubusu. Ila jambo moja miguu yake iligoma. Hakuweza kukanyaga kaburi. Alipofika penye msale wa babu alikata kushoto, penye msale wa baba akakata kulia, na wageni nao, wakidhani ndiyo njia, walimfuata. Miaka minne ya miguu ikachora njia yenye mikunjo juu ya kilima ambacho kileleni ni tambarare kabisa. Mkaguzi kutoka mji mkuu aliandika katika taarifa yake: “Njia ina mikunjo isiyoelezeka. Iachwe, inavutia.”

Ubavuni mwa Mzee Bamanya, upande wa kushoto, palikuwa na nafasi. Kwa watu wa Kyoma mume akizikwa, pa mke huachwa palepale, na wote hujua ni pa nani. Hapo palikuwa pa Bibi Kokugonza, hatua mbili kutoka benchi la serikali.

*

Mwaka wa tano, Bibi Kokugonza alianza kuvimba miguu. Muuguzi wa zahanati alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akamvuta Byabato pembeni. “Moyo umechoka, kaka. Si wa kutibiwa tena, ni wa kutunzwa. Miezi michache tu.”

Bibi Kokugonza hakuhitaji kuambiwa. Jioni alimwita mwanawe karibu na kitanda.

“Sitaki mengi. Sitaki matarumbeta, sitaki nguo mpya. Nilaze kwa baba yako. Basi.”

“Nimesikia, mama.”

“Umesikia, au unasema umesikia?”

Byabato aligusa mfuko wa shati, maana Kitabu cha Kanuni kilikuwa humo, nacho alikijua kichwani.

Asubuhi alikwenda kwa mkubwa wake wa kazi, Afande Kipengele, Mkuu wa Lango la Kivutio Namba Saba. Afande Kipengele hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi mapema, maana watu hupenda kutafuta mtu mbaya katika hadithi kama hizi, na mimi nimemtafuta sana sikumpata. Alimsikiliza Byabato hadi mwisho, akampa pole, akatoa fomu.

“Tujaze tu, tuone inavyokwenda,” alisema. “Aina ya mgeni: wa ndani. Sawa. Ana miaka zaidi ya sabini, anaingia bure, hilo limekwisha. Madhumuni ya safari?”

“Kuzikwa.”

“Hakuna kuzikwa. Kuna kupumzika, kupiga picha na utafiti.”

“Kupumzika, basi.”

“Kupumzika. Vizuri. Muda wa kukaa?”

“Moja kwa moja, Afande.”

Kalamu ikasimama. “Bwana Byabato, wewe ndiye uliyenifundisha Kanuni ya 14. Mgeni awe ametoka saa kumi na mbili jioni. Na hapa chini wameandika: maiti haiingii hifadhini kwa njia yoyote, isipokuwa ya mnyama aliyeliwa.” Alivua kofia, akaiweka mezani. “Ningekuwa na uwezo, ningempitisha hata leo. Lakini mimi ni nani?”

Hilo la mwisho lilikuwa swali la kweli. Katika nchi ile kila mtu aliuliza hivyo, kuanzia mlinzi wa lango hadi Waziri, na hakuna aliyejua jibu.

*

Byabato alikaa barazani mchana kutwa akipekua Kitabu, na alasiri akaikuta Kanuni ya 31: “Chochote kitakachofia ndani ya hifadhi, kisiondolewe ndani ya mipaka ya hifadhi hiyo, ili asili ichukue mkondo wake.”

Aliisoma mara tatu. Maiti haiingii. Lakini mtu hai anaingia, na akishafia ndani, haruhusiwi mtu kumtoa! Aliipigia kanuni ile mstari kwa penseli.

Mtu mwingine angenyamaza na kufanya mambo yake. Byabato hakuwa mtu mwingine. Yeye alitaka hata ujanja wake uwe na mhuri. Akaandika barua Wizarani kuuliza, kwa unyenyekevu mkubwa, kama neno “chochote” katika Kanuni ya 31 linamhusu pia binadamu. Barua za namna hiyo hujibiwa baada ya miaka miwili. Hii ilijibiwa kwa siku tisa, na kasi hiyo peke yake ingetosha kumtia mtu hofu.

Wizara ilimpongeza kwa uzalendo. Ilisema Kanuni ya 31 inahusu viumbe wote bila ubaguzi, katika hifadhi zote za nchi, na kwamba ufafanuzi huo utasambazwa kote ukiitwa Waraka wa Byabato, ili vizazi vijavyo vimjue aliyeuliza.

Byabato alimsomea mama yake barua yote, mpaka mhuri.

“Kwa hiyo nikifia kule juu, sitolewi,” alisema Bibi Kokugonza.

“Hutolewi. Ni lazima tu iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni.”

“Na nikifa saa moja ya usiku?”

“Utakuwa nje, mama.”

“Nimelima, nimezaa, nimezika,” alisema Bibi Kokugonza. “Sasa nifanye na hili la kufa kwa saa za kazi. Haya, nitafutie viatu.”

*

Viatu vilihitajika kweli, vya kufunga kamba, pamoja na kofia ya ukingo mpana na darubini, kwa kuwa bila hivyo vitatu mtu hahesabiwi kuwa mtalii. Afande Kipengele aliazima vyote stoo, na kila asubuhi, alipomwona bibi anakuja na mkongojo wake, alisimama wima.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Leo nadhani ndiyo leo.”

“Mungu akujalie, Bibi,” alisema Afande, akigonga mhuri.

Bibi alipanda kilima polepole, akipumzika mara saba. Akifika alikaa kwenye benchi, akatazama ile nafasi ubavuni mwa mumewe, akampa Mzee Bamanya habari za nyumbani, kisha akafumba macho akasubiri. Mauti nayo ina kiburi chake. Ukiitoroka inakufuata, ukiikalia kitako njiani inapita upande mwingine. Akichoka kusubiri, bibi alifumbua macho na kushika darubini.

“Byabato! Njoo uone! Yule jirani Nestori anakata mkungu wangu wa ndizi, na mimi bado sijafa!”

Saa kumi na moja na dakika arobaini na tano filimbi ililia kuwatoa wageni. Aliyeipuliza alikuwa Byabato. Ndiyo kazi yake, imeandikwa. Alikuwa akimpulizia mama yake filimbi ashuke, kisha anampa mkono ateremke.

Siku moja bibi alizidiwa kweli. Ilikuwa saa kumi na moja na robo, pumzi imekuwa nzito, midomo imebadilika rangi. Byabato alipiga magoti mbele ya benchi, mkono mmoja umeshika mkono wa mama, mkono wa pili umeshika saa. Ikawa na ishirini. Ikawa na ishirini na tano. Ndipo alipogundua anachofanya: anaitazama saa na kuomba mama yake asichelewe. Aliona haya. Alitaka aishi, na alitaka afe, na vyote viwili alivitaka kwa mapenzi yaleyale, na hakuna alichoweza kukifanya kuhusu kimojawapo.

Bibi alifumbua jicho moja. “Umeshapuliza?”

“Bado, mama.”

“Puliza tu, baba. Leo haikubali.”

Akapuliza, huku machozi yanaingia ndani ya filimbi, ikatoa mlio wa ajabu hata Afande Kipengele kule langoni akadhani ni ndege mgeni, akamwandika kwenye daftari la ndege.

Baya zaidi ni kwamba ule upepo wa ziwa na kupanda kilima kila siku vilimfaa. Uvimbe ukapungua. Kutoka kupumzika mara saba akafika mara tatu. Muuguzi wa zahanati alimsikiliza kifua tena akashangaa, akasema sijui mnampa nini, lakini endeleeni.

“Nakufa vibaya,” alilalamika Bibi Kokugonza. “Kazi rahisi namna hii inanishinda.”

*

Huko mji mkuu, ndani ya jengo lisilo na mandhari, karani mmoja wa takwimu aliona jambo. Kivutio Namba Saba, ambacho kwa miaka minne kilipata watalii wa ndani wachache mno, ghafla kilipata mtalii wa ndani kila siku ya Mungu, bila kukosa, siku mia moja na kumi na mbili mfululizo. Karani hakuuliza ni nani. Alichora mstari, mstari ukapanda. Mstari ulipelekwa kwa Mkurugenzi, Mkurugenzi akauonyesha kwa Waziri, na Waziri akaulilia.

Magari tisa yakashika tena njia ya kaskazini.

Mkutano ulifanyika langoni, na wanafunzi waliletwa kushangilia. Bibi Kokugonza aliketishwa mbele, kofia kichwani, darubini shingoni. Mheshimiwa Dokta Shangwe Mapambio alisimama, akakohoa kikohozi cha kitaifa.

“Ndugu wananchi! Wapo wanaodai kwamba watu wetu hawapendi kutalii kwao. Nawauliza: huyu ni nani? Huyu bibi, ambaye hana hili wala lile, anapanda mlima siku mia na kumi na mbili! Kwa nini? Kwa nini, ndugu zangu?”

Watu wa Rushaka, ambao wote walijua kwa nini, waliangalia chini.

“Kwa mapenzi ya mandhari!” alijibu Mheshimiwa mwenyewe. “Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Kwa mamlaka niliyopewa, namtangaza Bibi Kokugonza kuwa Mtalii Bora wa Ndani wa Mwaka! Na zawadi yake, inayogharamiwa na serikali yenu sikivu, ni mapumziko ya mwezi mzima katika Hifadhi ya Nyika Kuu ya Kusini!”

Shangwe zikapigwa. Kusini ni siku tatu kwa gari. Byabato alijipenyeza hadi kwa Waziri, akavua kofia.

“Mheshimiwa, mama yangu ni mgonjwa wa moyo. Naomba, kwa heshima, zawadi yake iwe kubaki hapahapa.”

“Unyenyekevu!” Waziri alimshika bega na kumgeuza kuelekea kwa mpiga picha. “Mnaona? Unyenyekevu wa watu wa kaskazini!”

“Si unyenyekevu, Mheshimiwa. Anataka…”

Katibu wa Waziri alimvuta taratibu kwa mkono wa shati. “Mzee, zawadi hii imeshasomwa redioni. Kuikataa ni kulidharau taifa. Huyo mama atalala mahabusu, na wewe kazi huna. Mwache bibi akapumzike.”

“Basi niende naye.”

“Zawadi ni ya mtu mmoja. Halafu wewe, ukiondoka, nani atasema Maelezo Rasmi?”

Byabato aligeuka kumtafuta Afande Kipengele. Afande alikuwa amesimama wima, mkono kwenye paji la uso, akiwapigia saluti magari yaliyokuwa yanageuzwa, na midomo yake ilikuwa ikicheza bila kutoa sauti. Nadhani alikuwa akisema: lakini mimi ni nani?

Bibi Kokugonza alipandishwa gari lenye viyoyozi. Alishusha kioo, akamwita mwanawe kwa kidole.

“Kitabu chako hicho. Kina kanuni ya kunirudisha?”

“Ni safari ya kwenda na kurudi, mama. Mwezi mmoja tu.”

“Mwezi.” Alitabasamu kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kukinunua. “Basi sikiliza. Mahali pangu pasikanyagwe mpaka nirudi.”

“Hapatakanyagwa.”

“Umesikia, au unasema umesikia?”

“Nimesikia, mama,” alisema Byabato, na gari likaondoka.

*

Simu kutoka Kusini ilipigwa langoni siku ya kumi na moja. Afande Kipengele alipokea, akasikiliza, akakaa chini. Kisha akamwita Byabato na kumpa mkono wa simu.

Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya kijana mwenye adabu. Alisema anasikitika kutoa taarifa kwamba Mtalii Bora wa Mwaka amefariki dunia jana, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akiwa ameketi kwenye benchi la wageni, ndani ya muda wa matembezi. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Alikuwa ameshika darubini, ameielekeza upande wa kaskazini, ambako, kijana alisema, kwa msimu huu hakuna mnyama yeyote wa kutazamwa.

“Nakuja kumchukua,” alisema Byabato.

“Samahani, mzee. Kuna Kanuni ya 31.”

“Hiyo ni ya…” Byabato alishika meza. “Hiyo ni ya wanyama.”

“Ilikuwa, mzee. Sasa kuna waraka. Chochote kifiacho hifadhini kisiondolewe, binadamu akiwemo, katika hifadhi zote za nchi. Tumeshamstiri leo asubuhi kwa heshima zote. Tumeufuata vizuri sana, neno kwa neno.” Karatasi zilisikika zikipekuliwa. “Unaitwa Waraka wa Byabato. Mnamfahamu huko?”

Byabato alirudisha simu mahali pake. Afande Kipengele alilia, alilia kweli kweli, kofia imefunika uso, mabega yanatikisika. Byabato hakulia wakati ule. Alitoa Kitabu mfukoni mwa shati, akakitazama, akakirudisha, kwa sababu hakujua pengine pa kukiweka.

Wizara ilituma salamu za rambirambi siku hiyohiyo, pamoja na picha ya Mheshimiwa.

*

Asubuhi ya pili walikuja wageni kumi na wawili, walimu kutoka mji mkuu. Hakukuwa na mwongoza wageni mwingine. Byabato alipiga pasi sare yake, akawapandisha Rushaka.

Hewa ilikuwa safi, ziwa limetulia, visiwa vyote vinaonekana hadi cha mwisho, na walimu walisema wanashukuru kuzaliwa katika nchi nzuri namna hii. Byabato alikata kushoto penye msale wa babu, wakakata kushoto. Akakata kulia penye msale wa baba, wakakata kulia. Kisha, hatua mbili kabla ya benchi, mbele ya kipande cha nyasi tupu kisicho na msale wala alama, alisimama. Alipazunguka, kwa mbali, polepole, huku akitazama chini ili asikosee.

Mwalimu mmoja mwanamke alibaki nyuma ameinama, anatafuta. “Kaka, mbona tunapazunguka hapa? Pana nini?”

Byabato aliweka mikono nyuma, kama inavyotakiwa. Alikuwa ameyasema maneno yale maelfu ya mara akiwa amesimama kando ya baba yake, na kila mara yalikuwa uongo. Sasa aliyaelekeza kwenye kile kipande cha nyasi, upana wa mtu mmoja.

“Mahali hapa,” alisema, “hapajapata kuishi mtu, wala kufa mtu, wala kuzikwa mtu, tangu kuumbwa kwa dunia.”

Na safari hii ilikuwa kweli. Walimu wakapazunguka, mmoja mmoja, wakaenda kukaa kwenye benchi.